Hadhi Ilifutwa, Kazi Ikabaki: Utumwa, Adhabu na Mpaka katika Historia ya Marekani na ya Busia na Tororo

Ikisiri

Katika masomo ya historia Afrika Mashariki, mwisho wa utumwa huelezwa kwa tarehe: 1865 kwa Marekani, 1873 na 1897 kwa Zanzibar, 1907 kwa pwani ya Kenya. Makala haya yanadai kwamba tarehe hizo zinaonyesha kufutwa kwa hadhi ya mtumwa mbele ya sheria, na kwamba haziwezi kueleza peke yake yaliyoipata kazi ya kulazimishwa. Kwa kutumia eneo la Busia na Tororo, lililogawanywa kati ya Uganda na Kenya kuanzia 1902, makala yanaonyesha kuwa dola iliyofuta hadhi ya mtumwa pwani ndiyo iliyoanzisha bara kazi ya lazima kwa majina mengine: kasanvu, luwalo na kipande. Historia ya Marekani, kuanzia makazi ya Virginia hadi marekebisho ya 13 ya Katiba, inatumika kama kioo cha kuangazia mambo mawili: nafasi ya adhabu na nafasi ya mpaka. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kuhusu istilahi, mitaala na usomaji wa vifungu vya katiba vinavyokataza kazi ya shuruti.

Maneno ya msingi: utumwa, kazi ya shuruti, kipande, kasanvu, mpaka, istilahi za Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mto Sio na mto Malaba si mipana. Hata hivyo, kwa zaidi ya karne moja mito hiyo imekuwa sehemu ya mstari unaowatenga Wasamia na Wasamia wenzao, na Waiteso wa Tororo na Waiteso wa Amukura. Mstari huo ulitokana na uamuzi wa kiutawala. Tarehe 1 Aprili 1902 Mkoa wa Mashariki wa nchi lindwa ya Uganda ulihamishiwa nchi lindwa ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Sababu kubwa ilikuwa reli: ilikuwa imefika Kisumu mwezi Desemba 1901, na serikali ya Uingereza ilitaka njia yote iwe chini ya utawala mmoja. Wakazi wa kingo za Sio na Malaba hawakuulizwa.

Mwanafunzi anayesoma historia upande wowote wa mpaka huu leo hujifunza kuhusu biashara ya watumwa ya pwani, na mara nyingi hujifunza pia kuhusu utumwa wa Marekani. Hujifunza kwamba utumwa ulikomeshwa. Jambo ambalo halijitokezi waziwazi katika masimulizi hayo ni kwamba katika miaka ileile ambayo watumwa wa mwisho wa pwani walikuwa wakiachwa huru, babu wa babu yake alikuwa akiandikwa katika orodha ya chifu ili akabebe mizigo au akachimbe barabara bila hiari yake. Tukio la kwanza lina jina na tarehe. La pili lina majina mengi na halina tarehe inayokumbukwa.

Pengo hilo ni la kihistoria na la kiistilahi kwa wakati mmoja. Makala haya yanaanza na istilahi, yanapita Marekani, kisha yanakaa Busia na Tororo, ambako ndiko hoja yake ilipo.

2.0 Msamiati wa utumwa na wa kazi

Neno mtumwa limeundwa kutokana na kitenzi tuma katika hali ya kutendwa: ni yule anayetumwa. Mzizi huohuo umezaa neno mtume. Tofauti kati ya maneno hayo mawili haiko katika safari wala katika ujumbe. Iko katika uwezo wa kukataa. Kwa hiyo, kiini cha neno la Kiswahili ni amri. Umilikaji wa mtu kama mali ni maana iliyojengwa juu ya kiini hicho na historia ya pwani.

Kiswahili cha pwani kilikuwa na ngazi nyingi za hali hiyo. Mateka alikuwa mtu aliyekamatwa vitani. Mtwana na mjakazi walitofautishwa kwa jinsia. Mzalia alikuwa mtumwa aliyezaliwa nyumbani kwa bwana wake, na heshima yake ilikuwa tofauti na ya aliyeletwa karibuni kutoka bara. Suria alikuwa mjakazi aliyewekwa na bwana kama mke bila ndoa, na kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu mtoto aliyezaa na bwana huyo, akikubaliwa na baba yake, alikuwa huru. Kutoka katika hali hiyo nako kulikuwa na vitenzi vyake. Bwana humwacha mtumwa huru. Ndugu au mfadhili humkomboa kwa mali. Serikali hukomesha au hufuta utumwa kwa amri. Vitenzi hivi vitatu vina watendaji watatu tofauti, na mwandishi wa historia hapaswi kuvichanganya.

Neno kibarua lina historia inayostahili kuzingatiwa zaidi. Asili yake ni barua ndogo, yaani kipande cha karatasi alichopewa mfanyakazi ili siku zake za kazi zihesabiwe. Katika miji ya pwani ya karne ya 19, miongoni mwa waliofanya kazi kwa kibarua walikuwemo watumwa waliokodishwa na mabwana wao, wakagawana nao ujira. Karatasi ileile iliweza kushikwa na mtumwa na mtu huru. Hivyo neno ambalo leo lina maana ya kazi ya kutwa kwa malipo lilizaliwa mahali ambapo utumwa na ujira vilikuwa vimeshikana mikono.

Kipande nacho ni neno la kawaida lililopewa mzigo na dola. Na shokoa, ambalo kamusi zetu hulieleza kuwa kazi ya kulazimishwa bila malipo, limebaki katika kamusi na halisikiki sana madarasani. Kiswahili, basi, hakina upungufu wa maneno ya kutenganisha utumwa, shokoa na kibarua. Upungufu uko katika matumizi. Tunapoandika historia tunaviweka vyote katika neno utumwa pale tunapozungumzia pwani na Marekani, kisha tunaandika kazi tu pale tunapozungumzia utawala wa kikoloni bara.

3.0 Marekani: kutoka adhabu hadi mali, na kutoka mali hadi adhabu

Koloni la Virginia lilianza Jamestown mwaka 1607. Ardhi ilipatikana kwa kuwaondoa wenyeji. Tumbaku ilipata soko. Kilichokosekana ni mikono. Kuanzia 1618 walowezi walipewa ekari 50 kwa kila mtu waliyemlipia nauli ya kuvuka bahari, na wengi wa waliovushwa walikuwa Waingereza maskini waliofungwa na mikataba ya miaka kadhaa. Mwaka 1619 walifikishwa Point Comfort Waafrika wapatao 20 walionyakuliwa kutoka meli iliyotoka Angola. Katika miongo ya mwanzo hadhi yao kisheria haikuwa imepangwa kikamilifu, na baadhi ya Waafrika waliweza kupata uhuru na hata ardhi.

Kesi moja ya mwaka 1640 inaonyesha jinsi mlango ulivyoanza kufungwa. Watumishi watatu walitoroka Virginia wakavuka mpaka kuingia Maryland. Walikamatwa, wakarudishwa. Wawili waliotoka Ulaya waliongezewa miaka minne ya utumishi. Wa tatu, Mwafrika aliyeitwa John Punch, alihukumiwa kumtumikia bwana wake maisha yake yote. Kosa lilikuwa moja, mpaka uliovukwa ulikuwa mmoja, lakini adhabu zilikuwa mbili. Kwa maneno mengine, utumwa wa maisha uliingia katika kumbukumbu za mahakama ya koloni hilo kwa mlango wa adhabu.

Baada ya hapo sheria zilifuatana. Mwaka 1662 Virginia iliamua kwamba mtoto afuate hali ya mama yake. Kwa kulinganisha na hali ya mtoto wa suria iliyotajwa hapo juu, uzito wa uamuzi huo unaonekana: bwana wa Virginia aliyezaa na mjakazi alikuwa akijiongezea mali. Uasi wa Bacon wa 1676, ambamo watumishi weupe na Waafrika walishika silaha pamoja, uliwaongezea matajiri hofu ya watumishi wa mkataba. Mwaka 1705 sheria za Virginia kuhusu watumwa zilikusanywa katika mfumo mmoja. Kufikia sensa ya 1860, watumwa nchini Marekani walikuwa takriban milioni 4.

Katiba iliyoandikwa mwaka 1787 iliwahesabu watumwa kwa sehemu tatu kati ya tano katika kugawa viti vya Bunge, na ikaagiza kwamba mtumwa aliyetorokea jimbo jingine arudishwe. Sheria ya 1850 iliimarisha agizo hilo kwa kuwalazimisha hata raia wa majimbo yasiyo na utumwa kusaidia ukamataji. Mto Ohio, uliotenganisha Kentucky yenye utumwa na Ohio isiyo na utumwa, ukawa mpaka wa matumaini usioaminika tena. Wengi walilazimika kuendelea hadi Kanada, ambako sheria ya Uingereza ilikuwa imefuta utumwa tangu 1834.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe, tangazo la Abraham Lincoln la tarehe 1 Januari 1863, na hatimaye marekebisho ya 13 yaliyoidhinishwa tarehe 6 Desemba 1865 vilivunja mfumo huo. Lakini marekebisho hayo yana kifungu cha kuacha: utumwa na utumishi wa lazima umekatazwa isipokuwa kama adhabu kwa mtu aliyetiwa hatiani kihalali. Majimbo ya Kusini yaliusoma ubaguzi huo kwa makini. Kutokuwa na kazi kulifanywa kosa. Waliotiwa hatiani, wengi wao weusi walioachwa huru karibuni, walikodishwa kwa wenye mashamba, migodi na reli. Alabama ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuacha ukodishaji huo, mwaka 1928. Adhabu, iliyokuwa mlango wa kuingilia mwaka 1640, ilibaki wazi baada ya nyumba kubomolewa.

4.0 Kufutwa kwa hadhi pwani ya Afrika Mashariki

Uingereza ilikomesha utumwa Afrika Mashariki kwa hatua. Mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 ulifunga soko la watumwa la Zanzibar na kupiga marufuku usafirishaji baharini. Tarehe 6 Aprili 1897 hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja na Pemba, ingawa masuria hawakujumuishwa hadi 1909. Pwani ya Kenya ilifuata tarehe 1 Oktoba 1907. Tanganyika ilisubiri hadi 1922, chini ya Waingereza.

Neno hadhi lina uzito hapa. Sheria ya 1897 haikumtafuta mtumwa shambani ikamwambia yuko huru. Ilisema mahakama haitatambua tena dai la bwana, na ikamwachia mtumwa mwenyewe jukumu la kwenda kudai uhuru wake. Fidia ililipwa kwa bwana. Huo ulikuwa utaratibu uliozoeleka: Uingereza ilitenga pauni milioni 20 kwa ajili ya wamiliki ilipofuta utumwa katika makoloni yake kwa sheria ya 1833, na mji wa Washington nao uliwafidia wamiliki mwaka 1862. Aliyefanya kazi bila malipo hakulipwa.

Swali lililowashughulisha watawala baada ya hapo halikuwa geni kwa msomaji wa historia ya Virginia: ikiwa mtu yuko huru kukataa kazi, nani atabeba mizigo, nani atajenga barabara, nani atalima mashamba ya walowezi? Jibu lilitafutwa bara.

5.0 Busia na Tororo: kazi ya lazima katika nchi iliyogawanywa

5.1 Njia na mawakala

Eneo kati ya Mumias na Busoga lilikuwa njia kabla ya kuwa mpaka. Misafara ya wafanyabiashara Waswahili ilifika katika ufalme wa Wanga katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, ikitafuta hasa pembe za ndovu. Joseph Thomson alifika pande hizo mwaka 1883, na Askofu James Hannington alizipita mwaka 1885 akielekea Busoga, ambako aliuawa. Barabara ya mikokoteni iliyoanzishwa na William Mackinnon mwaka 1890 na kuendelezwa na Kapteni Sclater ilitoka pwani ikaishia Busia. Kila hatua ya njia hizo ilihitaji wapagazi.

Utawala wa Kiingereza ulipofika uliwatumia watu wa kati. Upande wa mashariki, nguvu ya Mumia wa Wanga ilipanuliwa kwa msaada wa Waingereza, na mwaka 1909 akatangazwa chifu mkuu wa Kavirondo Kaskazini. Wakuu kutoka Wanga waliwekwa juu ya jamii ambazo hazikuwahi kuutii ufalme huo. Upande wa magharibi, jemadari wa Kiganda Semei Kakungulu aliingia Bukedi, akajenga ngome Budaka, kisha akahamia Mbale. Mawakala wa Kiganda walitawala kwa Kiganda na kukusanya kodi na nguvu kazi. Kwa hiyo Wasamia, Wagwe, Wanyole, Jopadhola na Waiteso walikutana na dola ya kisasa kupitia wageni wawili, mmoja kutoka kila upande, wote wakiwa na orodha mkononi.

5.2 Luwalo na kasanvu

Upande wa Uganda kulikuwa na wajibu wa aina mbili. Luwalo ulikuwa wajibu wa kufanya kazi za jamii bila malipo, hasa barabara na majengo ya utawala, kwa takriban mwezi mmoja kwa mwaka. Ulikuwa na mizizi katika desturi ya Buganda. Ulipovushwa kwenda Bukedi, ambako jamii nyingi hazikuwa na machifu wa aina hiyo, jina la desturi lilifunika jambo jipya. Juu yake iliwekwa kasanvu, kazi ya lazima kwa serikali iliyolipwa ujira mdogo kuliko ule wa soko. Kasanvu ilianza takriban 1909, yaani miaka michache tu baada ya hadhi ya mtumwa kufutwa pwani, na ikaendelea hadi 1922.

Mtetezi wa mfumo huo angeweza kusema, na watawala walisema, kwamba kasanvu ililipwa na kwa hiyo haikuwa utumwa. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake na inaficha jambo. Malipo hayakuondoa shuruti. Mtu aliyeitwa na wakala hakuwa na uwezo wa kukataa, na tulikwisha kuona kwamba katika Kiswahili uwezo huo ndio kiini cha tofauti kati ya anayetumwa na anayejituma.

5.3 Kipande

Upande wa Kenya kulikuwa na walowezi, na sheria zilifuata mahitaji yao. Sheria za ardhi za 1902 na 1915 ziliwapa walowezi ardhi. Ile ya pili iliruhusu upangaji wa miaka 999. Makaburu walifika Uasin Gishu mwaka 1908, na mashamba yakaenea hadi Trans Nzoia, jirani na Kavirondo Kaskazini. Sheria ya Mabwana na Watumishi ya 1906 ilifanya kuacha kazi kabla ya mkataba kwisha kuwa jinai, yenye adhabu ya faini au kifungo. Sheria ya usajili wa wenyeji ya 1915, iliyotekelezwa kuanzia 1919 na 1920, ilimlazimisha kila mwanamume wa Kiafrika mwenye umri wa miaka 16 au zaidi kuwa na kipande chenye alama za vidole, majina ya waajiri na ujira wake. Wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma.

Sheria hizo mbili zinapaswa kusomwa pamoja. Ya kwanza iligeuza utoro wa kazini kuwa kosa; ya pili ilimwezesha polisi kumtambua mtoro popote alipo nchini. Mkataba wa kazi, ambao kwa kawaida ni jambo la madai kati ya watu wawili, uliingizwa katika eneo la adhabu. Hapa ndipo kesi ya 1640 na kifungu cha 1865 vinapomsaidia msomaji wa historia ya Busia: shuruti haihitaji umilikaji wa mtu ikiwa kuondoka kwake kumefanywa kosa.

Kati ya hatua hizo mbili kulikuwa na Vita vya Kwanza vya Dunia. Sheria ya 1915 iliruhusu kuandikisha wapagazi kwa nguvu, na wanaume wa Nyanza na wa mashariki ya Uganda walipelekwa kwenye mapigano ya Afrika Mashariki ya Wajerumani. Hesabu rasmi za Waingereza zilitambua zaidi ya vifo 40,000 vya wapagazi, wengi kwa maradhi na njaa. Kiswahili kimehifadhi jina la kikosi hicho katika vitongoji vya Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor, Nairobi. Busia na Tororo, zilizotoa watu, hazina jina la namna hiyo.

5.4 Upinzani na kurudi nyuma kwa dola

Mwezi Oktoba 1919 waraka uliotolewa chini ya Gavana Northey uliwaagiza maofisa na machifu kuwahimiza watu, wakiwemo wanawake na watoto kwa mashamba ya karibu, wakafanye kazi kwa walowezi. Himizo la chifu aliyewekwa na serikali lilieleweka kuwa amri. Wamishonari walipinga, na mjadala ukafika London. Mwezi Desemba 1921 mkutano mkubwa ulifanyika Lundha, Gem, chini ya Chama cha Vijana wa Kavirondo kilichojulikana pia kwa jina la Piny Owacho, yaani nchi imesema. Miongoni mwa madai yake yalikuwa kufutwa kwa kipande na kambi za kazi, kupunguzwa kwa kodi, na Kenya kurudishwa katika hali ya nchi lindwa baada ya kufanywa koloni mwaka 1920. Mwaka huohuo wa 1921 Winston Churchill, akiwa Waziri wa Makoloni, aliwakataza maofisa kuandikisha nguvu kazi kwa ajili ya waajiri binafsi. Mwaka uliofuata kasanvu ilifutwa Uganda. Kipande kilidumu hadi 1947.

Mfuatano huu unaonyesha kwamba kazi ya shuruti ilipunguzwa na watu walioikataa hadharani, kwa madai yenye orodha. Historia inayowataja wakomeshaji wa Uingereza na wa Boston bila kuwataja waliokutana Lundha inamfundisha mwanafunzi wa Busia kwamba uhuru ni kitu kinacholetwa na wengine.

6.0 Mpaka kama njia ya kutokea

Mpaka wa 1902 uligawa ukoo, lakini pia uligawa sheria. Kasanvu haikuvuka mto Sio kuelekea mashariki, na Uganda haikuwa na mfumo wa kipande. Orodha ya wakala ilihesabu watu wa eneo lake. Mtu mwenye wajomba ng'ambo ya mto alikuwa na mahali pa kwenda ambapo angepokewa kwa lugha yake na kwa jina la ukoo wake. Kwa mtawala, huyo alikuwa mtoro. Kwa wajomba, alikuwa mtoto wa nyumbani.

Tofauti na Marekani ni ya maana. Mto Ohio ulitenganisha majimbo yaliyofungwa na katiba moja, na katiba hiyo ilimfuata mtoro. Sio na Malaba zilitenganisha maeneo mawili ya dola moja yenye sheria tofauti za kazi, na undugu ulikuwa na nguvu kuliko stakabadhi. Lakini kufanana nako kupo: katika sehemu zote mbili, mpaka uliochorwa kwa maslahi ya watawala uligeuzwa na watawaliwa kuwa chombo chao. Wanaotunga sera za mipaka leo, wakati kituo cha pamoja cha Busia kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018 kinarahisisha uvukaji wa bidhaa, wanafaa kukumbuka kwamba uvukaji usio rasmi katika eneo hili una historia ndefu kuliko magendo.

7.0 Mipaka ya ulinganishi

Ulinganishi huu una mipaka inayopaswa kutamkwa. Mtu wa Tororo aliyefanya kasanvu hakuuzwa mnadani, hakutenganishwa na watoto wake kwa hati ya mauzo, na mwanawe hakuzaliwa mali ya mtu. Muda wa wajibu ulikuwa na mwisho. Kuiita kasanvu utumwa kwa maana ya Virginia ni kuwapunguzia uzito wa mateso mamilioni ya watu, na pia ni kuipotosha kasanvu yenyewe. Hoja ya makala haya ni finyu zaidi: kwamba katika historia zote mbili, kufutwa kwa hadhi ya mtumwa kulifuatwa na sheria zilizorudisha shuruti kwa njia ya adhabu, usajili na wajibu wa jamii, na kwamba istilahi moja isiyopambanuliwa inatuzuia kuliona jambo hilo.

8.0 Umuhimu kwa sera na mapendekezo

Mkataba wa 29 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1930, ulioandikwa huku makoloni ya Afrika yakijadiliwa waziwazi, ulikataza kazi ya shuruti lakini ukaacha nje ya katazo hilo kazi ya mfungwa kwa masharti, utumishi wa kijeshi, wajibu wa kawaida wa kiraia, dharura na huduma ndogo za jamii. Katiba ya Uganda ya 1995, katika ibara ya 25, inakataza utumwa na kazi ya shuruti, kisha inaorodhesha vighairi vinavyofanana na hivyo. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 30, inakataza yote mawili bila kuorodhesha vighairi ndani ya ibara hiyo. Mwananchi wa Busia anapovuka barabara anatoka katika maandishi ya aina moja kuingia katika maandishi ya aina nyingine. Kila kighairi kina historia katika udongo uleule: wajibu wa jamii ulikuwa luwalo, na adhabu ilikuwa kipande.

Kutokana na hayo, makala haya yanapendekeza mambo manne.

Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki pamoja na mabaraza ya kitaifa yaweke istilahi zinazopambanua utumwa wa umilikaji, utumishi wa mkataba, kazi ya shuruti na kazi ya adhabu, na yafufue shokoa kwa kazi ya kulazimishwa isiyolipwa. Kasanvu na luwalo zikubaliwe katika kamusi kama istilahi za kihistoria.

Pili, tafsiri za sheria za kupambana na biashara haramu ya binadamu, ile ya Uganda ya 2009 na ile ya Kenya ya 2010, zitumie istilahi hizo kwa namna moja pande zote za mpaka. Shahidi anayesema nilitumwa na shahidi anayesema niliuzwa hawasemi jambo moja, na mkalimani wa mahakama anahitaji maneno ya kuhifadhi tofauti hiyo.

Tatu, mitaala ya historia ya nchi zote mbili iifundishe miaka ya 1902 hadi 1922 kama sehemu ya historia ya kukomesha utumwa, badala ya kuiacha katika mada ya uchumi wa kikoloni peke yake. Somo kuhusu marekebisho ya 13 ya Marekani likifundishwa pamoja na somo kuhusu kipande, mwanafunzi atauliza swali sahihi: sheria imeacha nini nje?

Nne, kumbukumbu za wazee kuhusu luwalo, kasanvu na upagazi zikusanywe katika Kisamia, Kiteso, Kidhopadhola na Kinyole, kisha zifasiriwe Kiswahili. Waliopitia mambo hayo wenyewe wamekwisha kuondoka. Waliosimuliwa na waliopitia bado wapo, lakini ni wachache.

9.0 Hitimisho

Neno uhuru limebeba mizigo miwili katika Kiswahili: kuachwa huru kwa mtumwa na kujitawala kwa nchi. Bendera za 1962 na 1963 ziliufanya mzigo wa pili uonekane kuliko wa kwanza. Kati ya mizigo hiyo miwili kuna kipindi cha watu ambao hawakuwa watumwa kisheria na hawakuwa na hiari kazini. Kingo za Sio na Malaba zina historia kamili ya kipindi hicho, na lugha yetu ina maneno ya kuieleza. Kazi iliyobaki ni kuyatumia maneno hayo kwa usahihi katika vitabu vya shule, katika sheria na mahakamani.